NYUMBA NJEMA SI MLANGO
Mashauri kwa vijana wa Rongai waendao kupanga vyumba mijini, na kwa wazazi wao

Mahindi ya Rongai yakisha kuvunwa na kupukuchuliwa, kila mkulima hugawa magunia yake kwa hesabu. Haya ni ya chakula, haya ni ya karo ya shule, haya ni ya mbegu na mbolea ya mwaka ujao. Lakini katika nyumba nyingi siku hizi kuna fungu jingine, ambalo wazee wa zamani hawakulijua. Ni fungu la chumba cha mjini.

Kijana amepata kazi au nafasi ya masomo, naye hawezi kwenda na kurudi kila siku. Asubuhi huonekana kando ya barabara akingoja gari, godoro limefungwa kwa kamba, na ndoo imejazwa sufuria, sahani na unga wa nyumbani. Wengine huenda Nakuru tu, mwendo wa kilomita 30 hivi, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Disemba 2021. Wengine huendelea mpaka Nairobi, ambako hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 4,397,073. Huko Nairobi kijana hukutana na ajabu yake ya kwanza, maana husikia makondakta wakiita “Rongai! Rongai!” akadhani wampeleka kwao, kumbe waita Ongata Rongai, mji mwingine kabisa ulioko Kajiado.

Hayo ni ya kucheka. Yasiyo ya kucheka ni fedha. Tuseme kodi ya chumba ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hutaka pia kodi ya mwezi mmoja kama rehani, ambayo watu huiita dipositi. Basi shilingi 8,000 hutoka kabla kijana hajanunua hata mshumaa, na shilingi hizo ni mahindi ambayo mama yake aliyapalilia kwa mkono. Yafaa mzazi ajue fedha hizo zaenda wapi, na kijana ajue ananunua nini. Wazee walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayepanga chumba katika nyumba ya watu wengi ananunua mapatano ya kuishi na wenzake, na mapatano yasiyojulikana ndiyo chanzo cha magomvi mengi ya nyumba hizo.

KODI ILIYOLIPWA KWA SIKU

Kukaa mahali pasipo pako si jambo geni Rongai. Wakati wa utawala wa Kiingereza nchi yote ile ilikuwa mashamba ya walowezi, mashamba ya mahindi, ngano na katani, nayo reli iendayo Eldoret ilipita hapo katika miaka ya 1920. Jamaa nyingi zilikuja kutoka pande mbalimbali kufanya kazi katika mashamba hayo. Walijenga nyumba zao, wakalima vishamba na kulisha mifugo, lakini ardhi haikuwa yao. Waliitwa maskwota.

Sheria ya mwaka 1918 iliamuru kwamba mtu wa namna hiyo amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi nguvu zaidi ya kuzidisha siku hizo na kupunguza mifugo ya watu. Kwa hiyo kodi ya nyumba ililipwa kwa siku za mtu. Aliyeachishwa kazi alipoteza kazi, kishamba na mahali pa kulala kwa pamoja. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, masharti ya mkataba yalikuwa katika kichwa cha mwenye shamba kuliko katika kichwa cha mwenye kufungwa nayo.

Wajukuu wa watu hao leo wanajua kusoma. Itakuwa aibu na hasara wakiingia katika nyumba za mjini bila kujua masharti, kama babu zao walivyoingia katika mashamba bila kuwa na hiari.

KITANDA CHA MTU MMOJA

Vyumba vya mjini navyo vina historia yake. Nairobi ilianza kuwa mji mwaka 1899 reli ilipofika, na Serikali, Reli na Baraza la Mji walimhesabu Mwafrika kuwa ni mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Reli ilijenga makazi ya wafanyakazi wake, ambayo watu waliyaita landi, kama yale ya Muthurwa. Makazi mengi ya namna hiyo yalihesabiwa kwa vitanda badala ya kuhesabiwa kwa nyumba. Mtu alipewa nafasi ya kitanda kimoja, na mkewe na watoto walikuwa na nafasi yao mashambani.

Mahali pengine palikuwa tofauti. Katika Pumwani, iliyoanzishwa mapema katika miaka ya 1920, Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao wenyewe. Walijenga kwa namna ya nyumba za pwani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, akapangisha vilivyobaki. Baadhi ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake waliojipatia mali kwa jitihada zao wenyewe. Nyumba za namna hiyo zilijengwa pia Kariakoo, Dar es Salaam, nazo ndizo zilizowafundisha watu wengi wa makabila mbalimbali kuishi chini ya paa moja.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilichungua mishahara ya Waafrika wa Kenya. Iliona kwamba mshahara wa chini ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na jamaa, ikashauri upimwe hatua kwa hatua kwa mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto, pamoja na posho ya nyumba. Jambo hilo halijapitwa na wakati. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamwagiza mwajiri ampe mfanyakazi wake nyumba ifaayo, au amlipe fedha za kutosha za kodi juu ya mshahara. Kijana anayeanza kazi na asome barua yake ya kazi aone kama posho ya nyumba imetajwa. Wengi huulizana kodi ni kiasi gani, wasiulize mwajiri ametoa nini.

MGENI SIKU MBILI

Mara nyingi kijana hafikii katika chumba chake. Hufikia kwa mjomba, au kwa binamu, au kwa mtu wa kijiji kimoja. Hilo ni jambo jema, na ni bora kuliko kupanga chumba kwa haraka usiku wa kwanza. Lakini chumba cha mjini chaweza kuwa futi kumi kwa kumi. Humo mna kitanda, meza, jiko, vyombo, na pazia linalogawa mahali pa baba na mama na mahali pa watoto. Mgeni akilala hapo wiki tatu, hakuna asemaye neno, lakini kila mtu analifikiri.

Mithali yasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna jembe. Jembe la mjini ni kuchota maji, kununua unga au makaa kwa fedha kidogo alizo nazo, na kusema waziwazi: “Mjomba, naomba nikae hapa mpaka mwisho wa mwezi, na kila Jumamosi nitatafuta chumba changu.” Maneno hayo machache humpa mwenyeji raha, naye mwenyeji ndiye atakayemwonyesha kijana mtaa ulio salama na ploti yenye watu wema.

Katika kutafuta chumba, hatari kubwa ni watu wanaojifanya mawakala. Mtu hukuonyesha chumba kizuri, akakuambia kwamba watu watano wanakitaka, na kwamba ukituma dipositi sasa hivi kwa simu utakuwa umewashinda. Ukirudi jioni na godoro lako, unamkuta mwenye chumba ndani anakula chakula chake. Dawa ya hila hiyo ni rahisi. Usitoe fedha kabla hujaonana na mwenye nyumba, au msimamizi ambaye wapangaji wengine wanamtambua. Gonga mlango wa jirani, umuulize, “Kodi ya hapa mnamlipa nani?” Jibu lake lina thamani kuliko maneno yote ya wakala.

MASWALI YA MLANGONI

Ploti nyingi za Nakuru na Nairobi zimejengwa kwa mfano mmoja. Vyumba vimepangwa kuzunguka ua, na wote hutumia bomba, choo, bafu na kamba za kuanikia nguo. Pengine mwenye nyumba mwenyewe anakaa humo humo. Kijana mwenye busara hauulizi ukubwa wa chumba peke yake. Mazungumzo yafaayo huwa kama haya:

“Hodi, mama.”

“Karibu, kijana wangu. Watafuta nani?”

“Nimesikia kuna chumba kilicho wazi.”

“Kipo. Kodi ni mwezi kwa mwezi, kabla ya tarehe tano, na dipositi ya mwezi mmoja.”

“Nashukuru, mama. Dipositi hiyo hurudishwa mtu akihama?”

“Hurudishwa, ukitoa habari mwezi mmoja mbele na chumba kikiwa kama ulivyokikuta.”

“Na maji, mama? Na stima?”

“Maji hayaji kila siku, kwa hiyo uwe na mitungi. Stima mita ni moja, twagawana.”

“Mwagawana kwa idadi ya vyumba, au kwa kadiri ya mtu anavyotumia?”

Hapo mama mwenye nyumba hucheka, akasema, “Hilo ni swali ambalo wenzako huliuliza baada ya kugombana.”

Swali la maji lina uzito wa pekee katika Nakuru. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa mara nyingi yana madini ya floridi kwa wingi, nayo ndiyo yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuyachemsha hakuondoi madini hayo. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo na aulize kama maji ya ploti hutoka kisimani, na kama ndivyo, atafute maji mengine ya kunywa au chujio lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Yako machujio yatumiayo mkaa wa mifupa, ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imesaidia kuyaeneza.

MALI BILA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpangaji na awe na daftari ndogo, aandike tarehe ya kuingia, kodi, dipositi, na hali ya chumba: kioo kilichovunjika, kitasa kisichofunga, ukuta wenye unyevu. Amwombe mwenye nyumba atie sahihi. Kila mwezi adai stakabadhi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wengi hulipa kodi kwa simu, na ujumbe unaorudi ni ushahidi mwema, lakini simu hupotea. Na uandikwe daftarini tarehe, kiasi na namba ya malipo.

Daftari yafaa zaidi pale ambapo vijana wawili wapanga chumba kimoja. Desturi hiyo imeenea, kwa sababu kodi ya shilingi 4,000 inakuwa 2,000 kwa kila mmoja. Lakini mwenye nyumba kwa kawaida ana jina moja tu katika kitabu chake. Mwenzake akipoteza kazi, au akioa, au akiondoka usiku bila kuaga, mwenye jina ndiye adaiwaye kodi yote. Tena wawili hao huwa wametoka kijiji kimoja, kwa hiyo ugomvi wa chumba husafiri mpaka Rongai, ukawatenga wazazi wasiohusika na jambo lolote. Ni afadhali waandike tangu mwanzo: nani ametoa dipositi, nani amenunua kitanda na jiko, na anayetaka kuondoka atatoa habari siku ngapi mbele. Kuandikiana si kukosa kuaminiana. Ndugu wawili wagawanao shamba huweka mpaka, nao hubaki ndugu.

Sheria nayo yafaa ijulikane. Sheria ya Kudhibiti Kodi, iliyoanza kutumika mwaka 1959, yahusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa nyumba hizo liko Baraza la kusikiliza mashauri ya wenye nyumba na wapangaji. Mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji wala kukamata vyombo vyake kwa deni la kodi pasipo idhini ya Baraza hilo. Vyumba vingi vya leo vimepita kiasi hicho cha kodi, na hapo mapatano yaliyoandikwa ndiyo ngao ya kwanza ya kila upande.

Sheria hii haikuwekwa ili mpangaji asilipe. Wenye nyumba wengi si matajiri. Yuko mjane aliyejenga vyumba vinne kwa akiba ya maisha yake, na kodi ya chumba kimoja ndiyo karo ya mtoto wake. Mpangaji aliyepatwa na shida na aende kwake kabla ya tarehe ya kulipa, aseme ukweli, atoe sehemu aliyo nayo na kutaja siku ya kumaliza. Yule ajifichaye na kurudi usiku wa manane hupoteza heshima yake kwanza, kisha chumba.

UA NI WA WOTE

Aliyezoea boma la Rongai, ambako jirani yuko ng’ambo ya shamba la mahindi, huona taabu kuishi mahali ambapo kikohozi cha jirani husikika. Redio ya mmoja ni redio ya wote. Anayerudi kutoka zamu ya usiku hulala mchana, na watoto hucheza mlangoni pake. Hapa hakuna sheria ya Serikali iwezayo kusaidia. Kinachosaidia ni zamu ya kuosha choo iliyobandikwa ukutani, ndoo zilizopangwa kwa foleni bila hila, na salamu ya asubuhi kwa kila mlango, hata ule wa mtu asiyeitikia.

Stima huleta magomvi kuliko mengine. Mwenye taa moja hukasirika kulipa sawa na mwenye pasi na jiko la koili. Wapangaji wakikaa pamoja jioni moja waweza kukubaliana kwamba mwenye vyombo vikubwa aongeze kiasi fulani, au kila mtu awekewe mita yake ndogo. Jambo dogo kama hilo limevunja urafiki wa miaka.

Yako pia mambo ambayo si ya ugomvi, bali ya uhai. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni baridi. Mtu hupika kwa jiko la makaa nje, kisha huliingiza chumbani lipate kumpa joto, akafunga mlango na dirisha, akalala. Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya hewa njema katika damu, na mtu huumwa kichwa, akasinzia, asiamke tena. Makaa yaonekanayo kuwa mekundu tu bila moshi ndiyo yadanganyayo zaidi. Basi jiko libaki nje, na kijana anunue blanketi la pili. Mzazi asiyekuwa na shauri jingine la kumpa mwanawe, na ampe hilo.

KUONDOKA KWA HERI

Siku ya kuhama huja. Aliyeingia kwa mapatano huondoka kwa mapatano. Hutoa habari mwezi mmoja mbele, hufagia chumba, huziba tundu la msumari alilotoboa, hulipa sehemu yake ya stima, kisha husimama na mwenye nyumba wakasoma pamoja daftari ya siku ya kwanza. Dipositi ikirudi, fedha ile ya mahindi imerudi mkononi, nayo yaweza kuwa rehani ya chumba kikubwa zaidi, au mfuko wa mbolea nyumbani.

Na jambo jingine hubaki ambalo halimo katika daftari. Mwenye nyumba aliyelipwa vizuri na majirani waliosalimiwa vizuri watampokea kijana mwingine atokaye Rongai, asubuhi atakaposhuka garini na godoro lake, akibisha hodi. Watamwuliza ametoka wapi. Akitaja Rongai ya Nakuru, na afunguliwe mlango kwa sababu ya yule aliyemtangulia.